Mpaka Ipoe

Mlima Kitonga haujui haraka ya mtu. Ukitokea Mikumi unapita kwanza Bonde la Mibuyu, joto limetulia kama ndani ya tanuri la mikate, halafu barabara inaanza kupanda kwa kona, na malori yaendayo Mbeya na Tunduma yamejipanga mbele yako, kila moja na gia yake ya kwanza. Hakuna pa kupita na hakuna upepo. Hapo ndipo mshale wa temprecha kwenye pikipiki yangu ulipohama katikati, mahali ulipozoea kukaa, ukaanza kuutafuta mstari mwekundu. Ilikuwa pikipiki ya mtumba ya cc 250, inayopozwa kwa maji, na nilikuwa nayo mwezi wa tatu tu.

Nilifika Ilula nimeshatoa hukumu: sensa ya joto imekufa. Ushahidi sikuwa nao. Niliipenda hukumu hiyo kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Sensa ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, hutoka kwa spana moja, na ukiikosa dukani unaweza kujidanganya kwamba safari itaendelea bila hiyo. Injini iliyochemsha ni habari nyingine: hedi iliyopinda, gasketi iliyoungua, na pesa ambayo mfukoni haikuwepo.

Nikaegesha karibu na meza za nyanya na vitunguu, nikachuchumaa, nikatoa spana namba 17. Gereji ya jirani ilikuwa mti mmoja na benchi moja. Mwenyewe akanyanyuka, mzee mwembamba wa ovaroli lililopauka, akaja kunisimamia kichwani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hebu niazime hiyo spana.”

Nikampa, nikidhani anataka kunisaidia. Akaitia mfukoni.

“Umekula?”

“Bado.”

“Nenda kale kwanza. Utaipata ikipoa.”

“Spana ipoe?”

“Pikipiki, mwanangu.”

Kisha akapandisha mkono wa ovaroli. Kutoka kiwikoni mpaka kwenye kiganja ngozi yake ilikuwa nyororo na inang’aa, kama mfuko wa nailoni uliokaribia moto. “Rejeta ya lori,” akasema, akashusha mkono wa ovaroli, akarudi kwenye benchi lake.

Nilikwenda kula. Na kwa kuwa wali ulichelewa, nilipata muda wa kufikiri juu ya kile nilichotaka kufanya.

Kifuniko cha rejeta hakifanani na kifuniko cha sufuria. Ndani yake kuna springi na vali, na kazi yake ni kuyabana maji yasipate nafasi ya kuchemka. Vifuniko vingi vya pikipiki vimeandikwa 1.1 juu yake. Maana yake vinazuia mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya nje kwa bar 1.1. Maji yaliyobanwa kiasi hicho hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 na kitu. Kwa hiyo baada ya kupanda Kitonga, ndani ya injini yangu kulikuwa na maji ya nyuzi 105, labda 110, na bado yalikuwa maji, yametulia, hayana hata povu. Kilichoyatuliza ni kule kubanwa tu. Yafungulie njia, na sehemu ya maji hayo itageuka mvuke papo hapo bila kusubiri. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote hutaka nafasi ya lita 1,600 hivi, na huipata kwa kupita palipo wazi, yakiwemo macho ya aliyeinama.

Watu wengi hulijua hilo kuhusu kifuniko. Hata mtoto wa kondakta atakwambia usifungue rejeta ikiwa ya moto. Wasichokifikiria ni kwamba sensa nayo ni kifuniko. Imechomekwa kwenye tundu linaloingia moja kwa moja katika maji yale yale, kwenye hedi au kwenye nyumba ya themostati, karibu kabisa na pale maji yanapotoka yakiwa ya moto kuliko kwingine kote. Kifuniko cha rejeta angalau kina kituo cha katikati cha kupumulia. Sensa haina. Uzi wake wa mwisho ukiachia, inatoka kama kizibo, na maji nyuma yake.

Tena tulikuwa tumeshapanda. Dar es Salaam maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100. Iringa mjini, kwenye mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban 95. Maji ya nyuzi 97, ambayo pwani yangetoka kwenye tundu yakiwa ya moto tu, huku juu yangetoka yakichemka.

Na kupoa hakuanzi pale unapozima ufunguo. Injini ikizimwa, pampu ya maji husimama, lakini chuma kilichozunguka silinda bado kina joto lake, na hulimimina kwenye maji yasiyotembea. Kwa dakika kadhaa za mwanzo joto kwenye hedi huweza hata kupanda. Ndiyo maana dakika kumi za kuvuta subira zinaweza kuwa mbaya kuliko kutokusubiri kabisa, kwa sababu zinampa mtu ujasiri. Mimi siku hizi husubiri usiku kucha. Nikishindwa, basi mpaka niweze kuishika paipu ya juu ya rejeta kwa kiganja kizima, nikaibonyeza, nikaiacha mkononi nikihesabu hadi thelathini bila kukunja uso.

Niliporudi, yule mzee alikuwa ameshalipata tatizo. Sensa ilikuwa nzima. Fyuzi ya feni ndiyo iliyoungua, kwa sababu waya wa feni ulikuwa umesuguana na fremu mpaka ukachubuka. Barabara ya tambarare upepo wa mwendo ulikuwa unatosha kuipoza rejeta, hivyo sikujua. Nyuma ya lori, kwenye gia ya kwanza, upepo ulipokosekana, feni nayo haikuzunguka. Mshale ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo.

Kabla ya kuilaumu sensa, kwa hiyo, kuna mengine ya kutazama, na karibu yote hayahitaji kufungua kitu. Maji yamepungua? Feni inawaka injini ikipata moto? Mapezi ya rejeta yamezibwa na tope au mbegu za nyasi? Mpira wa kifuniko umepasuka? Themostati nayo hukwama, ingawa huku kwetu mara nyingi utakuta haipo: kuna fundi aliyeitoa zamani kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto haihitaji. Maelezo hayo nimeyasikia kuanzia Tanga mpaka Songea, na bado naona ni uvivu uliovaa koti la elimu. Injini inayokimbizwa ikiwa baridi hunywa mafuta mengi na kulika haraka, hata ikiwa Tanga.

Mwenye Boxer BM 150 ya kabureta anaweza kuisoma sura hii kwa udadisi tu. Injini yake hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na sensa hii hana. Lakini zipo pikipiki za upepo zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, Honda Wave 110i ikiwa mojawapo, na hizo zina sensa inayopima joto la oili. Huko kinachotoka kwenye tundu ni oili ya moto, ambayo haitoi sauti ya kukuonya na ikikugusa haitiririki ikaondoka, inabaki imeng’ang’ania ngozi.

Sasa kidude chenyewe. Mwaka 1833 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanzia maisha ya kazi kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu huko London, aliona jambo lililokwenda kinyume na alichokizoea. Shaba ikipashwa moto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Salfaidi ya fedha, alipoipasha, ilipitisha umeme kwa urahisi zaidi. Ilichukua karibu miaka mia moja hadi Mmarekani Samuel Ruben alipotengeneza mwaka 1930 kifaa cha kuuzika kinachotumia tabia hiyo. (Ruben huyo huyo ndiye ambaye kazi yake ya betri, pamoja na Philip Mallory, ilikuja kuzaa Duracell.) Ndani ya sensa ya pikipiki yako, chini ya kile kichwa cha shaba nyeupe au njano, kuna punje ya udongo wa aina hiyo uliochomwa kiwandani: ikiwa baridi huuzuia umeme, ikipata moto huuachia.

Kwenye pikipiki za zamani sensa ina waya mmoja. Umeme unatoka kwenye geji, unapita kwenye punje, unaishia kwenye mwili wa injini. Chomoa waya, mshale huanguka upande wa baridi. Kwenye pikipiki za kompyuta zipo waya mbili, na kompyuta husoma volti iliyobaki kati ya sifuri na tano. Hapa ndipo wajanja wanapokamatwa. Mtu anaona taa ya injini inawaka, anachomoa soketi ya sensa akiamini ameondoa tatizo. Kompyuta, isipopata umeme wa kurudi, inaona kizuizi kikubwa kupita kiasi, na kizuizi kikubwa kwake kina maana moja: baridi kali, baridi ya barafu. Kama haina akili ya kuligundua kosa, inamwaga petroli kana kwamba mnaamka asubuhi kwenye theluji. Moshi mweusi, plagi nyeusi, wese linaisha kabla ya kufika. Zile zenye akili huamua kutumia kipimo cha kubuni, nyingi huwasha feni isizime, na taa inabaki palepale inawaka.

Mimi nilikuja kuitoa sensa yangu miezi kadhaa baadaye, nyumbani, wakati huu kwa haki. Mshale ulikuwa unarukaruka hata injini ikiwa baridi. Nimeitoa vibaya mara ya kwanza na vizuri mara ya pili, kwa hiyo nitaeleza ya pili huku nikiungama ya kwanza.

Anza na brashi. Kuzunguka sensa kuna mchanga uliogandana na oili, na ukiifungua bila kusafisha, mchanga huo unaingia kwenye njia ya maji na kwenda kuikwangua pampu. Piga brashi, pangusa, kama una kompresa puliza. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Ukianza na chanya huku hasi imefungwa, spana ikigusa fremu utaona cheche ambazo hukuziagiza.

Kisha kifuniko, hata kama injini ni ya baridi na umelala nayo usiku mzima. Kitambaa juu, geuza taratibu mpaka kituo cha kwanza, sikiliza. Ukisikia hata mluzi mdogo, acha, subiri. Kukiwa kimya, bonyeza chini umalizie kugeuza. Uso uwe pembeni. Hii huondoa mgandamizo wowote uliosalia, na kuanzia hapo tundu la sensa ni tundu tu.

Maji unaweza kuyamwaga yote kupitia bolti iliyo chini ya kifuniko cha pampu, au ukiwa na sensa mpya mkononi ukabadilisha haraka na kupoteza kikombe kimoja. Ukiyamwaga, tafuta beseni na dumu lenye mfuniko, uliandike. Usiweke kwenye chupa ya soda. Kulanti nyingi, yaani maji ya kupozea injini, hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, nayo ina ladha tamu. Mbwa huilamba, mtoto huinywa, na ini huigeuza kuwa sumu zinazoua figo. Katika sura hii nzima, hilo ndilo jambo linaloweza kumuua mtu ambaye hata hakugusa pikipiki.

Soketi ya waya ina kikufuli cha plastiki. Kibonyeze kwa kucha, vuta mwili wa soketi, usivute waya. Plastiki iliyokaa karibu na injini kwa miaka kumi huwa ngumu kama biskuti.

Spana iwe ya saizi yake kamili, namba 17 au 19 mara nyingi, ndefu ya boksi kama ipo. Sensa ni shaba laini na hedi ni aluminiamu, na kama pikipiki imekuwa ikinyweshwa maji ya bomba badala ya kulanti, vyuma hivyo viwili huwa vimeumana kwa kutu nyeupe. Yangu ilikataa kutoka. Nilichofanya ni kuongeza bomba kwenye mkia wa spana na kuvuta kwa hasira. Ilitoka, ndiyo, na sehemu ya uzi wa aluminiamu imejiviringisha juu yake kama nywele. Nilichopaswa kufanya ni kuweka mafuta ya kulainisha, kusubiri, kugeuza robo mbele, robo nyuma, kuongeza mafuta tena, na kuiachia mpaka kesho yake. Uzi mpya niliuchongewa mjini, wakatia springi ya chuma ndani yake, kwa bei iliyozidi sensa mara kadhaa.

Ikishatoka, chungulia tundu. Washa ya shaba ya zamani hupenda kubaki imeganda huko chini, na ukifunga mpya juu yake maji yatavuja mpaka uchoke. Washa hiyo ni ya kutumika mara moja. Imeumbwa ijibane na kuziba.

Kabla ya kuinunua nyingine, ipime. Unahitaji sufuria ya maji, kipimajoto, multimita na jiko. Ining’inize kwa waya, ncha yake ndani ya maji isiguse chini, soketi ibaki juu. Kitabu cha Suzuki DL650, kwa mfano, kinataka omu 2,450 hivi kwa nyuzi 20, omu 811 kwa nyuzi 50, 318 kwa nyuzi 80, na 142 kwa nyuzi 110. Kipimo hicho cha mwisho hutakipata kwa sufuria ya maji matupu popote pale, na ukiwa Iringa utakwama kwenye 95. Haidhuru. Unachotafuta ni namba zinazoshuka kwa utulivu kadiri maji yanavyopata moto. Yangu ilishuka, ikasimama, ikaruka mpaka mwisho wa kipimo, ikarudi. Punje ilikuwa imepasuka ndani. Kuna siku nilipima ya rafiki iliyoshuka kama ngazi nzuri; tukairudisha, tukakuta soketi yake ina kutu ya kijani.

Kufunga kunaanza kwa vidole. Sensa iingie kwa vidole mizunguko yote, na ikigoma itoe uanze upya, maana uzi uliokwenda upande hausamehe. Kwa sensa ya waya mmoja usiizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba: umeme wake unarudi kupitia uzi huo, na tepu inaweza kuukatisha, mshale ukabaki umelala hata injini ikichemsha. Washa mpya inatosha.

Nguvu ya kukaza ni ndogo kuliko mkono unavyodhani. Vitabu vingi vinataka kati ya nyutonimita 12 na 20. Chukua 18: ukishika spana sentimita 18 kutoka kwenye sensa, ni nguvu ya kuinua ndoo ya lita kumi. Ndoo hiyo umeibeba maisha yako yote, kwa hiyo mkono wako unaijua. Ishia hapo.

Rudisha soketi, rudisha hasi ya betri, jaza kulanti polepole na kifuniko kikiwa wazi. Minya paipu za rejeta kwa mkono, mapovu yatapanda, maji yatashuka, ongeza. Washa injini ikiwa bado baridi, iache izunguke dakika chache, ongeza tena, kisha funga kifuniko kabla maji hayajapata moto. Hewa iliyobaki ndani hupenda kupanda na kukaa pale pale kwenye sensa, ambapo sensa itapima mvuke badala ya maji na kukupa tena mshale wa kutia hofu. Ukiliona hilo, usirudie kununua sensa.

Endesha kidogo, feni iwake na kuzima mara moja, tazama kama kuna unyevu kuzunguka washa. Halafu egesha, nenda kalale. Asubuhi, kabla ya chai, shika rejeta: itakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Fungua kifuniko. Maji yatakuwa yameshuka kidogo, upana wa kidole au viwili, pale hewa ya mwisho ilipotoka. Ongeza mpaka mdomoni, funga.